Diski inafia kwa mahendla: dalili, sababu na dawa kwa wanaocheza altimeti Dodoma

Timu ya altimeti, mchezo wa kurushiana diski ya plastiki, ikipigwa 15 kwa 6 lawama zote zinamwangukia hendla, yani anayekaa karibu na diski na kuigawa, mara kakaa na diski sana, mara kaitupa nje, mara mkono wake mbovu. Mi naona nusu ya hizo lawama anapewa mtu ambaye siye. Ukifuatilia vizuri diski ilivyopotea utakuta aliyeishika alikuwa hana pa kuipeleka tangu hesabu ya nne, na yule aliyetakiwa kumpa njia, yani hendla wa pili, alikuwa kasimama mikono kiunoni anaangalia mechi kama kalipa kiingilio. Kwa hiyo humu kila dalili naanza na swali hilohilo, asiye na diski alikuwa wapi na anafanya nini, mkono tutauangalia baadae.

Kwa mgeni haraka haraka: altimeti ni watu saba kwa saba, uwanja mita 100 kwa 37, na ndani ya hizo 100 kuna endi zoni ya mita 18 kila upande, sehemu ambayo mwenzako akiidaka diski humo mnapata pointi. Ukishika diski hukimbii, unazunguka kwenye mguu mmoja tu, na mkabaji aliye ndani ya mita tatu anakuhesabia, akianza kutamka kumi bado unayo basi imeshakuwa yao. Wakataji ndo wanaokimbia kufungua nafasi mbele. Mahendla wanabaki karibu na diski, wanaihamisha upande huu kwenda ule, wanaipokea ikirudi nyuma na wanaamua iende mbele saa ngapi. Staki, yani mstari wanaojipanga wakataji, ikiwa ya wima inakuwa na mahendla wawili au watatu, ikiwa ya mlalo mahendla watatu nyuma na wakataji wanne mbele. Refa hamna, wachezaji wenyewe wanaita makosa na kuelewana.

Kabla ya dawa yoyote pimeni kwanza. Mmoja akae nje ya mstari na simu, kila diski ikipotea aandike vitu vitatu: hesabu ilikuwa ngapi, diski ilikuwa upande gani wa uwanja, na hendla wa pili alikuwa amesimama wapi. Hicho cha tatu watu huwa wanakisahau halafu ndo chenye majibu yote. Na mkishapata picha jaribuni dawa moja moja, msibadilishe kila kitu jioni moja halafu mkaja kusema mambo ya hendla ni nadharia.

Dalili: hesabu inafika nane kila mara na diski inatupwa popote

Hii ndo kubwa kuliko zote. Mkabaji anahesabu moja, mbili, tatu, mwenye diski macho yote mbele anasubiri mkataji afunguke, nne, tano, wa kwanza kabanwa, wa pili kakimbilia alipo mwenzake, sita, saba, sasa ndo anageuka kutafuta dampu, yani pasi ya kumrudishia hendla wa pili, nane, tisa, anaiachia tu. Watu wanasema kapaniki. Kweli kapaniki, ila ugonjwa haukuanzia nane.

Piga hesabu mwenyewe. Kugeuka sekunde moja, hendla wa pili kukimbia na kumwacha mkabaji wake sekunde mbili hivi, jumla tatu kabla diski haijatoka mkononi. Ukigeuka kwenye saba hiyo biashara haiishi kabla ya kumi, au inaisha kwa bahati. Ukigeuka kwenye tano unapata jaribio la kwanza kamili kufikia nane, na bado unabaki na muda kidogo wa kujaribu njia nyingine kama la kwanza limezibwa. Kwa hiyo sheria ya timu iwe moja tu, ikitamkwa tano mwenye diski anageuka, hata kama anaona mkataji fulani "anakaribia kufunguka". Anakaribia kufunguka maana yake hajafunguka.

Na kugeuka nazungumzia kiuno na mabega, sio shingo. Ukigeuza shingo tu mkabaji haogopi chochote, na hendla wa pili hajui kama umemuona ama unaangalia wanaochunga mbuzi kule nyuma ya goli. Mwili mzima ukigeuka ndo kengele ya hendla wa pili kuanza kukimbia. Asianze kabla. Akianza kwenye tatu wakati mwenzake bado anaangalia mbele atafunguka bure, ataonekana na mkabaji wake tu, na itabidi arudi alikotoka huku mkabaji keshajua nia yake.

Zoezi lake halihitaji watu wengi. Mwenye diski na mkabaji wake, hendla wa pili na mkabaji wake, wanne basi, mbele kusiwe na mtu, hesabu inaanzia tano. Rudieni mpaka ichoshe, ikishachosha ndo imeanza kuingia.

Sababu nyingine ndogo, mkabaji anahesabu mbio. Kati ya namba na namba inatakiwa ipite sekunde nzima. Iteni, hesabu inarudi nyuma namba moja, mchezo unaendelea, wala sio ugomvi. Kuna watu wanaona aibu kuita jambo ambalo ni haki yao halafu wanaenda kununa kwenye bajaji.

Dalili: dampu ipo ila kila mara inaguswa au inakabwa

Hapa hendla kageuka kwa wakati, mwenzake kakimbia, na bado diski inapigwa na mkono wa mtu. Angalia kwanza aliposimama kabla ya kukimbia. Akiwa mita mbili tatu kutoka kwenye diski mkabaji wake anaweza kuziba mbele na nyuma kwa hatua moja. Akiwa mita kumi na tano pasi inakuwa ndefu na kila mvizia wa karibu anaitamani. Mi napenda mita tano mpaka nane, pembeni na nyuma kidogo ya diski, sehemu ambayo una njia mbili za kweli: kurudi nyuma, au kukata aplaini, yani kupita mbele ya mwenye diski kando ya mstari kuelekea endi zoni.

Njia mbili, ndo siri yenyewe. Hendla wa pili ambaye anajua kurudi nyuma tu anakabika hata na mtu aliyevaa sendo. Usiangalie diski, angalia kiuno cha mkabaji wako. Amekaa chini yako anakuzuia usirudi nyuma? Basi mbele pako wazi, nenda aplaini. Amekaa juu anaogopa aplaini? Rudi nyuma. Amekaa katikati na hajulikani anataka nini? Mkimbilie yeye mwenyewe hatua mbili za nguvu mpaka ageuze kiuno, akishageuza badilisha, hawezi kukigeuza tena kwa haraka hiyo. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza kumkimbia mkabaji kabla hawajamgeuza, yani wanakuwa wanashindana mbio tu, na ukishindana mbio na kijana wa UDOM anayepanda zile barabara za chuo kila siku utafia hapo.

Ukikata aplaini na hujapewa, ondoka. Hii naomba isomwe mara mbili maana ndo inayoua timu za huku. Mtu anakata, hapewi, anabaki palepale mita nne mbele ya diski ananyoosha mkono "nipe nipe", na mkabaji wake sasa kasimama kwenye njia ya kila pasi ya mbele. Toka haraka, ingia mbele kwenye staki, na wa tatu au aliye karibu zaidi kwenye staki arudi kuziba nafasi yako ya dampu. Mwenye diski hatakiwi kugeuka akakuta nyuma hamna mtu.

Kuhusu pasi yenyewe, kosa ni kumtupia mwenzako kifuani wakati mkabaji yuko begani kwake. Itupe upande ambao mkabaji hayupo, kimo cha kifua, iende bapa, isiwe inaelea kama imepotea njia. Ya aplaini itupe mbele yake kwenye nafasi, akimbie kuifuata.

Dalili: pasi ni nyingi, diski inazunguka kwa mahendla, ila mita hazisogei

Dampu zinafanyika, swingi (pasi za kuvusha diski upande wa pili wa uwanja) zinafanyika, kila mtu anajisikia fundi, halafu mnajikuta mko palepale mlipoanzia au mmerudi nyuma mita kumi. Sababu kubwa ni kwamba swingi imegeuzwa kuwa mapumziko.

Swingi kazi yake ni kuipeleka diski upande uliofungwa, ule ambao mkabaji anazuia usitupie, kabla mkabaji mpya hajafika kujipanga. Ukiipokea una sekunde moja, ikizidi mbili, ambapo uwanja mzima wa upande ule uko wazi mbele yako. Sasa mtu anaipokea, anashusha pumzi, anarekebisha kofia, anamsubiri mkabaji aje aseme moja. Hapo mmefanya kazi ya bure. Kipimo ni rahisi, kila swingi sikilizeni, je diski imetoka mkononi kabla ya mkabaji kufika mbili? Kama haitoki tatizo liko kwa mpokeaji, au kwa wakataji.

Kwa wakataji nako kuna kesi. Mkataji wa upande uliofungwa anatakiwa aanze kukimbia diski ikiwa hewani inaenda kwa hendla wa swingi, sio akishaiona imeshikwa. Akisubiri ishikwe, anafunguka wakati mkabaji keshafika, na hendla anaonekana mzito wakati alicheleweshwa na mwingine.

Ila nisieleweke vibaya, pasi tano za mahendla bila kusogea ni bora mara mia kuliko hamma moja ya hesabu ya tisa. Hamma inapendwa kwa sababu inapita juu ya vichwa, inageuka tumbo juu, watu wanashangilia hata kabla haijashikwa. Halafu haishikwi.

Dalili: hendla ana upande mmoja tu, akifungwa fohendi (pasi ya upande wa mkono anaotupia) ameisha

Mkabaji akiweka fosi anachagua upande wa kukuachia na upande wa kukufunga. Hendla ambaye hawezi kabisa kutupa upande uliofungwa anawarahisishia wapinzani wote saba, maana kila mmoja anajua wapi asimame. Hapa kweli ni mkono, ila sana sana ni miguu. Watu wanatupa wamesimama wima kama wako kwenye foleni ya benki. Piga hatua ndefu pembeni kwa mguu usio wa pivoti (pivoti ni ule unaobaki chini ukizungukia), shuka chini, diski iachiwe karibu na goti, mkabaji aliyesimama wima mikono yake haifiki huko. Danganya mara moja kwa mwili wote halafu tupa upande wa pili, usidanganye mara sita kwa kiganja, mkabaji keshakuzoea.

Viatu pia. Uwanja wetu wa udongo mgumu wenye vumbi na changarawe juu, njumu zenye meno marefu machache zinateleza, zenye meno mafupi mengi zinashika vizuri zaidi. Na kagueni mbigili kabla ya kuanza.

Mkabaji akikubana mpaka kifua kwa kifua kumbuka lazima aache angalau upana wa diski moja kati yake na mwili wako. Asipoacha ita, hesabu nayo inarudi nyuma kwa namba moja.

Dalili: "ni upepo"

Kila mtu Dodoma ana hiki kisingizio na hakuna atakayekataa kwamba upepo upo. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa hivi, mchana na jioni, unavuma mara nyingi kutoka upande wa mashariki na kubeba vumbi, ukicheza saa kumi jioni unakula udongo. Wanaoweza wacheze asubuhi. Ila upepo unafuata kanuni, na hendla anayezijua hapotezi diski kama asiyezijua.

Diski ikienda kinyume na upepo inapata unyanyuko zaidi, inapanda, inaelea, inasimama hewani na kusubiri wa kuiokota. Dawa ni pua chini kidogo, pasi ya chini, na mzunguko mwingi. Mzunguko nasema, sio nguvu, wengi wanatupa kwa bega zima wakati kinachotakiwa ni kiganja kuchapa. Ikienda pamoja na upepo inakosa unyanyuko, inadondoka mapema kuliko ulivyotarajia, hivyo ipe kimo kidogo. Upepo wa pembeni angalia tumbo na mgongo wa diski: tumbo likiuangalia upepo inanyanyuliwa na kupelekwa nje, mgongo ukiuangalia upepo inakandamizwa chini. Bapa ndo salama.

Sasa mtego wenyewe. Timu ikishambulia kinyume na upepo kila mtu yuko makini, pasi fupi, akili zimetulia. Ikibadilika ikawa inashambulia pamoja na upepo watu wanalegea, mbele ni rahisi, diski inaenda yenyewe. Wanasahau kwamba dampu sasa ndo inayorudi kinyume na upepo. Yani pasi ya usalama imegeuka kuwa pasi ngumu kuliko zote uwanjani, inatoka mkononi vizuri halafu inapanda juu ya kichwa cha hendla wa pili, na nyuma yake kuna endi zoni yenu wenyewe mnayoilinda. Ukikagua yale maandishi ya mtu wa simu utaziona nyingi, na wote watakwambia ulikuwa upepo. Hapana, ilikuwa nafasi. Mkishambulia na upepo hendla wa pili asikae nyuma kabisa, asogee mpaka awe karibu sambamba na mwenye diski, umbali mita nne tano, dampu iwe ya pembeni badala ya kupanda upepo. Hilo tu. Sijui kwa nini timu nyingi zinahangaika na fliki (fohendi) mpya wakati zingemsogeza mtu hatua sita.

Dalili: kila mtu ni hendla

Hii inatoka kwenye mpira wa miguu, tumekulia huko wote. Mwenzako akibanwa unamfuata umsaidie, ndo upendo. Kwenye altimeti ukimfuata unamletea mkabaji wa pili. Unakuta diski iko hapa na watu wetu watano wako ndani ya mita kumi, kila mmoja anaita, mbele kule endi zoni hamna hata mmoja. Hendla anaonekana hajui kuchagua, kumbe hana cha kuchagua.

Pangeni majina kabla ya kila pointi. Hendla wa kwanza nani, wa pili nani, wa tatu kama yupo nani, na nani anaokota diski baada ya wapinzani kufungua pointi kwa kuitupa kwetu. Waliobaki ni wakataji, na mkataji akipokea diski akakosa mbele anamrudishia hendla, halafu anaondoka, hageuki yeye kuwa hendla wa nne. Kwenye timu za marafiki hili linahitaji mtu wa kulisema kwa sauti, maana kuna kaka fulani mkubwa kidogo, mkarimu, kila mara analeta maji, na ni hendla mbaya sana, na hakuna anayethubutu kumwambia. Mwambieni kwa adabu: "Kaka, leo tunakuomba mbele, una mbio." Mara nyingi atafurahi.

Kinyume chake pia kipo, hamna anayetaka kuwa hendla kwa kuogopa lawama. Hiyo mnaijua dawa yake, acheni kulaumu aliyeshika ya mwisho.

Dalili: wameweka kikombe na tumeganda

Zoni ya kikombe ni watu watatu wanaoizunguka diski na wengine wanalinda maeneo. Msijaribu kupita juu yao kila mara, hasa kwenye upepo. Mahendla wawe watatu, wa pembeni wakae nyuma kidogo ya mstari wa kikombe, diski ipite kushoto kwenda kulia haraka kuliko kikombe kinavyoweza kukimbia. Watu watatu wakikimbishwa huku na huku kwenye joto letu wataachia tundu, na mkataji mmoja awe anaingia kwenye hilo tundu kwa wakati. Subira tu, hakuna uchawi.

Dalili: mita tano kutoka endi zoni na haingii

Wakataji wote wamejazana ndani, hakuna nafasi. Wapangeni katikati wasimame, wasikate kabisa, na mwacheni hendla wa pili akate aplaini kwenye kona. Ikikataliwa, dampu, swingi, aplaini ya upande wa pili.

Dalili: yote mmefanya na diski bado inayumba

Angalieni diski yenyewe. Ya mechi ni ya gramu 175, zile za kuchezea watoto ni nyepesi zaidi na kwenye upepo wa huku hazifai hata kufundishia. Ipimeni kwenye mzani wa dukani pale mnaponunua sukari. Kama uzito uko sawa, pitisheni kidole ukingoni, ikiwa na mpasuko au imepinda kwa kuachwa juani kwenye dashibodi ya gari, ile ibaki ya kufanyia mchezo wa mbwa, changeni mnunue nyingine.